Breki za Kumpokea Mkwe

Haya nilisimuliwa na Bernadeta mwenyewe, mwaka wa sabini na tisa, wiki tuliyokaa pamoja wodini tukiwauguza waume zetu. Alikuwa akicheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini, akasema ameikumbuka Ijumaa ya kuamkia Uhuru.

Mwaka huo wa sitini na moja Bernadeta alikuwa mwalimu wa darasa la pili, ameolewa miezi mitano tu na Masalu, mpima pamba wa chama cha ushirika. Masalu alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa mwendo. Alinunua gari kwa injinia mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao: la kijani, pua ndefu, paa la turubai, viti viwili basi. Ukikanyaga mafuta, mgongo unagandamana na kiti. Shida yake ilikuwa kusimama. Breki ya kwanza lilisimama vizuri, ya pili kwa kusitasita, na ya tatu, hasa kwenye mteremko wa Bugando, ulibaki kuliomba tu.

Siku moja wakiteremka hapo lilimpita askari aliyenyoosha mkono, likapita maduka, likaja kusimama lenyewe lilipochoka, karibu na soko.

"Mguu wako ulikuwa kwenye breki?" Bernadeta aliuliza.

"Miguu yote miwili."

Bernadeta akavua viatu, akashuka, akarudi kilimani kwa miguu. Tangu siku hiyo akagoma kulipanda.

Ndipo ikafika barua. Mama yake, Odeta, angevuka kutoka Nansio kwa meli ya Ijumaa aje kuona Uhuru mjini Mwanza, na Nansio nzima ilikwisha kuambiwa kwamba atapokewa kwa gari la mkwewe. Sasa kwa kina Masalu mwanamume haketi bega kwa bega na mama mkwe, hata kumtazama usoni ni utovu wa adabu. Na gari lina viti viwili.

"Nitaendesha mimi," Bernadeta akasema. Alikuwa amefundishwa na sista mmoja kwa landrova ya misheni.

Masalu akakohoa. "Wewe?"

"Kwani wewe utakaa wapi? Mapajani kwa mama yangu?"

Masalu akainamisha macho kana kwamba mkwe yumo chumbani tayari.

"Ila kwanza lisimame," Bernadeta akasema. "Mama avuke ziwa salama, halafu nije nimuulie mteremkoni? Hapana."

Wakalipeleka kwa fundi Yahaya, nyuma ya soko. Yahaya akafungua gurudumu moja, akapitisha ukucha kwenye kiatu cha breki.

"Umeona, Bwana Masalu? Kimekuwa laini kama kioo. Ngoma yenyewe inayokifunika nyembamba, joto halina pa kutokea, na mafuta ya breki yamechemka mpaka yameharibika. Gari la kukimbilia, breki za kwendea kanisani."

"Mimi siendi kasi sana, fundi."

"Najua. Ni miti inayorudi nyuma."

Bernadeta alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Yahaya alifanya kazi siku tatu. Kila jioni baada ya shule Bernadeta alikuja, akaketi juu ya tairi bovu, akauliza hiki ni nini na kile cha nini. Fundi alipata ngoma pana zaidi kwenye gari la mizigo lililokufa, akazichonga mpaka zikaenea. Viatu akavivika gamba gumu la breki ya winchi ya kinu cha pamba, ile inayoshikilia marobota yasidondoke, akaligongomea kwa ribiti za shaba. Kwenye mabamba ya nyuma ya magurudumu akatoboa matundu ya kupitisha upepo. Mwisho akatia mafuta mapya na kutoa hewa, Bernadeta akikanyaga pedali, yeye yuko chini anasema, "Shika. Achia. Shika."

"Msianze kwa fujo," akawaambia. "Zizoesheni kwanza. Mwendo mdogo, simama, ziache zipoe, tena. Na hayo matundu, mwalimu, yanaingiza upepo, lakini yataingiza na kingine chochote kilicho karibu."

Wakazizoesha kama walivyoambiwa. Alhamisi jioni Bernadeta aliteremka Bugando mara tatu, na mara zote tatu gari likasimama palepale alipotaka, pua chini, bila kuyumba. Masalu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Taratibu basi, Bernadeta."

"Ni miti," akajibu.

Ijumaa asubuhi yeye akaenda shule, Masalu akabaki na gari. Akataka ling'ae. Na Mwanza ya wakati ule nani alihangaika na ndoo? Lori, teksi, hata gari la serikali, unaliingiza ziwani mpaka katikati ya magurudumu, unafuta juu, ziwa linamaliza chini. Masalu akaliogesha nusu saa nzima.

Saa sita Bernadeta akamkuta ufukweni, gari linawaka kama sahani mpya. Akaingia, akaondoka, akajaribu breki. Pedali ilikuwa ngumu vizuri, lakini gari likaendelea na safari yake kana kwamba hakuna aliyelisemesha. Mbele yake dagaa walikuwa wameanikwa, na mwenye dagaa, Mboni, amesimama na ufagio. Bernadeta akapunguza gia, akavuta breki ya mkono, mchanga ukasaidia. Magurudumu ya mbele yakasimama juu ya dagaa.

Mboni akayatazama. "Mwalimu, ungesema tu ningekupimia."

Bernadeta akamwomba radhi, kisha akamgeukia mumewe. "Umelifanya nini?"

"Nimeliosha."

"Wapi?"

Masalu akaonyesha ziwa kwa kidevu.

Moshi wa meli ulikwisha kuonekana nyuma ya mawe ya ziwani. Yahaya alikuwa ameondoka kwenda sala ya Ijumaa.

"Tuchukue teksi," Masalu akasema. "Mama ataelewa."

"Nansio haitaelewa. Lete jeki."

Wakafungua magurudumu yote manne. Kwenye kila ngoma ulitoka uji wa maji na mchanga, umepitia matundu ya fundi. Bernadeta akasuuza kwa maji safi, akakausha kwa kanga yake ya juu, akapiga viatu msasa kidogokidogo kama alivyomwona Yahaya akifanya. Masalu akafungua na kufunga. Mboni, hasira zimekwisha, akazishikilia nati kwenye ungo zisipotee mchangani. Kisha Bernadeta akaliendesha barabarani huku akiigusa breki kwa mbali, joto liyakaushe maji yaliyosalia. Likanuka kama nywele zilizoungua. Akakanyaga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu, paa likiwa limekunjwa, kofia ya Masalu iliruka mpaka kwenye boneti.

Masalu akashuka kabla ya gati. Akaja kwa miguu, macho chini, akasimama mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," Odeta akaujibu mwavuli wake, asimtazame.

Masalu akajitwika furushi la mkwe, akashika njia ya kilimani kwenda nyumbani.

Odeta akalizunguka gari lote. "Mbona mikono yako myeusi hivyo?"

"Nilikuwa naliandaa."

"Linasimama?"

"Linasimama, mama."

"Basi tupite walipo watu."

Wakapita sokoni, wakapita stendi, wakapanda Bugando, wakageuza. Katikati ya mteremko kundi la ng'ombe likakata barabara, na Bernadeta hakuwa anakwenda polepole. Akakanyaga. Gari likashika, likasimama limenyooka, na ng'ombe mmoja akainusa taa.

Odeta akauangalia mkia wa mwisho ukipita.

"Nani alizifunga hizi breki?"

"Fundi Yahaya. Na mimi kidogo."

"Na mumeo?"

"Aliliosha."

Odeta akaweka vizuri kilemba chake. "Geuza. Turudie."

Walirudia mara mbili, na mara zote walimpita Masalu na furushi kichwani.

Jioni, jua halijazama, wakakubaliana walale ili waamke kuiona bendera usiku wa manane. Odeta akalala kwanza, kitandani. Masalu alitandikiwa mkeka jikoni, ukuta umewatenganisha.

"Bernadeta," akaita kwa sauti ya chini. "Usiku nani ataendesha?"

"Mimi na mama tutakwenda na gari. Wewe utaanza kutembea mapema."

Akangoja jibu, akasikia mkoromo. Akajinyoosha kando ya mama yake, mikono ikinuka breki ijapokuwa aliiosha kwa sabuni mara tatu. Mguu wake wa kulia ukakanyaga ubao wa kitanda, mara moja tu, akalala.