Gari Lililopendwa kwa Rangi

Watu wengine wakienda kununua gari hufungua boneti, huinama kuangalia uvunguni, huuliza maswali mpaka muuzaji akereke. Brashi alipitisha kiganja mlangoni, na biashara ikaisha. Alikuwa fundi rangi wa nyumba, amepaka kuta tangu ndevu hazijamwota, na kwa jina hilo la Brashi hata mama mkwe wake alimwita. Sasa rangi ya gari lile ilikuwa bluu iliyokolea, imelala juu ya bati bila tone wala alama ya mkono. Brashi alipigwa na butwaa. Muuzaji alikuwa bado anaeleza habari za matairi, mwenzake keshatoa pesa.

"Umenunua gari au umenunua rangi?" mkewe alimuuliza, mikono kiunoni, tumbo mbele.

"Subiri upande, ndipo useme."

Na kweli alipanda. Mtoto alipozaliwa, yule mtoto waliyemngoja mpaka majirani wakachoka kuwauliza, Brashi aliwaleta wote wawili nyumbani kutoka hospitali kwa gari hilo. Aliendesha taratibu mno, wenye baiskeli wakawa wanampita na kumcheka. Hakujali. Moyo ulikuwa umemjaa.

Siku chache baadaye, akiliosha uani, aliona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, pale nguzo ya mlango inapokutana na paa. Mtu mwingine asingeuona, lakini Brashi amekula kwa nyufa maisha yake yote, na anajua ukuta hupasuka pale sehemu mpya ilipoungwa na kuukuu. Akakwangua kidogo kwa kucha. Chini ya bluu ikatoka puti, nene na laini, sawa na ile anayozibia mashimo ya kuta za watu. Mpira wa maji ukamponyoka mkononi.

Akamwita shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi bodi wa gereji. Shemeji alikuja na spana zake. Alitoa viti, akakunja zulia la sakafuni, akapiga magoti.

"Shemeji, hebu sogea uone."

Mstari wa kuchomelea ulikatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango. Nusu ya mbele ilikuwa gari moja, nusu ya nyuma gari jingine. Chini ya kiti cha nyuma bati lilikuwa limewahi kujikunja kama nguo chafu, kisha likanyooshwa kwa nyundo, na mapigo ya nyundo yalionekana moja moja. Shemeji akampigia rafiki yake wa kampuni ya bima, akamsomea namba ya chesisi, akasikiliza.

"Hili lilishafutwa," alisema alipokata simu. "Lori lililigonga, bima wakalihesabu limekufa, wakaliuza chuma chakavu. Halikutakiwa kuonekana barabarani tena. Umeingizwa mjini, shemeji."

Brashi alikaa chini pale pale kwenye maji. Hasira ilikuja baadaye, alipompigia muuzaji na simu isipatikane. Kwanza alistaajabia mkono. Kuna mtu mahali fulani aliyeokota mabaki mawili ya ajali, akayafanya kitu kimoja, akakipaka mpaka fundi rangi mzima akakipenda kama mchumba. Halafu macho yake yakaangukia kile kiti cha nyuma, kimeegemezwa ukutani. Hapo ndipo mkewe alipokaa na mtoto, juu kabisa ya ule mstari.

"Usijipe presha," shemeji alisema. "Ziba huo ufa, rudishia rangi. Mkono wako unajulikana. Mteja nitakuletea mimi."

"Nimuuzie mtu jeneza?"

"Kwani wewe uliuziwa nini? Pesa yako ndiyo imeshakwenda hivyo, na una mtoto wa kulea."

Neno la mtoto lilimwingia. Tusimtetee: alifanya. Alichanganya bluu mpaka ikafanana na ile ya mwanzo, akaziba, akasugua, akapaka, na ilitoka kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto begani, akatazama mpaka mwisho.

Mteja alikuja asubuhi na mapema, seremala kijana mwenye vumbi la mbao masikioni. Alikuwa na mkewe mjamzito, ambaye alikaa ngazini kupumzisha miguu. Seremala hakugusa boneti. Alipitisha kiganja mlangoni.

"Lo, fundi! Rangi hii, kama gari limetoka kiwandani jana."

Brashi alikuwa ameandaa maneno yake vizuri, na shemeji alikuwa anamkonyeza ayaseme. Badala yake Brashi akaingia stoo, akatoka na kikwangulio, akakiweka kwenye nguzo ya mlango na kukivuta kwa nguvu. Bluu ikabanduka, puti ikaanguka mapande mapande.

"Shemeji, una wazimu?"

Brashi alikwangua mpaka kiungo kikabaki uchi, kisha akafungua mlango, akang'oa kiti cha nyuma, akafunua zulia. "Karibu uangalie, kaka," alisema, akihema. "Hili gari lilishakufa."

Seremala aliinama. Alifuata ule mstari kwa kidole kutoka mlango hadi mlango, taratibu, kama anavyokagua maungio ya mbao, na alipofika mwisho hakuondoa mkono. Kisha aliinuka, akamtazama mkewe ngazini, akamtazama na mtoto wa Brashi, aliyekuwa begani mwa mama yake pale mlangoni.

"Na huyu alipanda humu?"

"Alipanda."

"Hakulia?"

"Hapana," Brashi alisema. "Alilala njia nzima."