Mkono wa Baba Radojko

Sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao, nyumba imejaa wageni, na Rosanda amejibanza jikoni na dada yake.

"Hebu rudia, dada. Daktari kasema nini hasa?"

Stamena, aliyekoma hedhi akiwa na miaka thelathini na moja tu, alikuwa akifuta sahani iliyokwisha kukauka. "Kasema ovari zangu zimechoka mapema kwa sababu ya jeni niliyozaliwa nayo. Si kila anayeibeba hupatwa. Lakini wewe upimwe kabla ya harusi yako."

"Imetoka kwa nani?"

"Ndicho wanachotafuta. Kama ni kwa mama, wewe huenda umeponea. Kama ni kwa baba, sote tunayo, maana baba huwapa mabinti zake wote." Akashusha sauti. "Kaniuliza kama kwetu kuna mwanamume anayetetemeka mikono. Eti jeni hiyo hiyo huwatetemesha wanaume wakishazeeka. Nikamwambia hatuna."

Rosanda akapumua. Kweli, hawana! Mkono wa baba unatetemeshwa na pombe yake ya rakija tu, mtaa mzima unajua. Hata yeye humtania.

Wakaitwa mezani. Baba yao, Mzee Radojko, alishakata mkate wa sikukuu, sasa ilibaki kuumiminia divai. Chupa ikacheza mkononi mwake, divai ikamwagika kwenye kitambaa cheupe.

"Shemeji, leo umeianza rakija alfajiri!" akapasua kicheko mjomba wao.

"Koma wewe!" Mama yao aliruka kama kamwagiwa maji ya moto. "Tangu Pasaka mume wangu hajaonja hata tone. Hata tone! Mnamsimanga bure."

Rosanda akamtazama Stamena, Stamena akainamisha uso.

Lo! Tangu Pasaka, na leo ni Desemba, theluji iko mlangoni. Rosanda akalishika tumbo lake kwa viganja viwili. Aliogopa, aliogopa vibaya sana, akatamani kukimbilia nje bila hata koti.

Mzee Radojko alikuwa akicheka kwa aibu, chupa bado inamtetemeka. Akamwita Rosanda kama alivyomwita tangu utotoni.

"Njoo unishikie mkono, mama."

Akaenda, akaushika.