Nishani za Kapteni Trewin

Kaanaeli alikuwa uani akimenya ndizi alipoona gari jeupe likipanda polepole kati ya mibuni. Alishuka Mzungu mrefu mwenye mvi, na kwa kuyaangalia mabega tu Kaanaeli akajua ni wa ukoo wa marehemu mumewe.

"Naitwa Gilbert Trewin," alisema kwa Kiingereza. "Edmund alikuwa binamu yangu. Nimekuja kuziona nishani za Kapteni."

Kiingereza hakikumpa Kaanaeli shida. Alikuwa ameishi na Edmund zaidi ya miaka ishirini. Akaingia chumbani, akatoa kiboksi cha mbao kutoka chini ya mashuka. Ndani mlikuwa na nishani nne za fedha, riboni zake zimepauka. Kapteni Trewin, babu wa baba yake Edmund, alizipata karne ya kumi na tisa kwa vita alivyopigana baharini.

Edmund hakuwahi kuzitundika ukutani. Alimsimulia mkewe habari zake mara moja tu. Kapteni mwenyewe alikufa kitandani, mzee wa miaka tisini, lakini wanawe watatu walikuwa mabaharia na hakuna hata mmoja aliyepata kaburi. Mjukuu alizama vitani. Baba yake Edmund naye akazama. "Ndiyo maana nikatafuta mlima," alisema. Akalima kahawa Meru mpaka alipofariki, akazikwa nyuma ya nyumba.

Joel, mtoto wao wa pekee, alirudi kutoka kwenye nyanya zake akiwa na matope magotini.

"Shikamoo," alisema.

Gilbert alisimama akamtazama kijana kuanzia kichwani hadi miguuni, kama fundi cherehani anayepima bila futi. Kisha akaenda garini, akarudi na sweta zito la bluu.

"Jaribu hili."

Lilimkaa sawasawa, hadi kwenye vifundo vya mikono. Jua lilikuwa kali lakini Joel hakulivua. Gilbert akazichukua nishani moja moja, akambandika kifuani. Alikuwa na boti ya matanga Tanga, alisema, na anaipeleka Cape Town. Alihitaji mtu mmoja tu. "Mtu wa damu yetu."

Akakaa nao karibu wiki nzima. Joel, ambaye maji makubwa aliyowahi kuyaona ni Ziwa Duluti, sasa alikesha kwenye simu akitazama ramani za upepo wa baharini. Nyanya zikanyauka kwa kukosa maji.

Siku moja, wakati wa chai, Kaanaeli aliuliza, "Sweta lile ni la nani?"

"La mwanangu, Adrian."

"Yuko wapi?"

"Alibaki baharini mwaka juzi. Usukani ulikuwa mikononi mwangu." Gilbert alisema hivyo kwa utulivu, kisha akaomba aongezewe chai.

Kaanaeli aliweka birika chini. "Chukua nishani. Chukua boksi na vyote vilivyomo. Mwanangu niachie."

"Nashukuru, mama. Nishani ni zako, unaweza kuzitoa. Lakini Joel amekwisha kunijibu kwamba anakwenda."

Kaanaeli alimfuata Joel shambani.

"Mzee yule hakuoni wewe, mwanangu. Anamwona mwingine."

"Mama, nina miaka ishirini na saba. Baba aliogopa maisha yake yote. Mimi siogopi."

"Baba yako hakuwa mwoga. Alikuwa anajua."

Joel alimkumbatia, akamwambia atarudi na picha. Waliondoka Jumatatu asubuhi. Nishani za Kapteni zikaenda nao.

Joel alipiga simu kutoka Tanga, akapiga kutoka Dar, akicheka. Alipopiga mara ya tatu, Kaanaeli alikuwa akichuma kahawa na jirani yake Nosim. Upepo ulivuma sana kwenye simu, hata Nosim akausikia.

"Mama, tumepita Mtwara. Mtandao unakaribia kuisha. Usiwe na wasiwasi, nakula vizuri, ananifundisha kila kitu."

Nyuma yake Gilbert alipaza sauti. "Adrian! Shika kamba!"

"Nakuja, baba!" alijibu Joel kwa Kiingereza, papo hapo, kama mtu aliyezoea.

"Joel," alisema Kaanaeli. "Joel! Joel!"

Alisikia miguu ikikimbia juu ya mbao, upepo tena, kisha simu ikakatika.

Nosim aliacha kuchuma. "Kuna nini, mama Joel? Nani aliyeitwa?"

Kaanaeli akabonyeza namba ile, akabonyeza tena, mpaka chaji ikaisha.

Boti ilitakiwa kufika Cape Town kabla ya mavuno kwisha. Sasa mibuni imeanza kutoa maua, na namba ya Joel haijaita.