Kisigino cha Kyule

Watu wa Mukuyuni walimcheka Kyule siku ya kwanza walipomwona akitembea kimashindano. Nyonga huku, nyonga kule, viwiko vikipiga hewa.

"Anatembea kama bata aliyechelewa kanisani," alisema Kasyoki muuza nyanya, na soko zima likaangua kicheko.

Kyule hakujali. Alikuwa na mke, Mutindi, na mtoto mmoja, Kavindu, na kazi nne za kuwalisha: kupandikiza miembe, kutengeneza pampu za maji, kuchomelea milango, na siku ya soko kuchinja mbuzi. Kutembea ilikuwa ya tano, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Alitaka jezi ya taifa. Mchujo ungefanyika Kitui baada ya miezi mitano, kilomita ishirini, na mtu mmoja tu ndiye angechukuliwa.

"Mshika mbili moja humponyoka," kocha wake, Mwalimu Jonah, alimwambia. "Wewe umeshika tano. Tupa hizo nne."

"Nikitupa, Mama Kavindu atapika nini, mwalimu? Medali?"

"Basi endelea kunuka mbuzi."

Kyule akaanza na mbuzi. Alimpa mtu mwingine kisu chake, na wiki hiyo hiyo akapunguza dakika nzima kwenye vilima vya Mbooni. Akaacha milango, ikapungua dakika nyingine. Jonah aligonga saa yake akidhani imeharibika.

Mchezo huu una sheria moja kubwa: mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote. Jaji akiona miguu yote miwili iko hewani, anakuandikia kadi nyekundu. Kadi tatu, unatoka.

Alipoacha pampu, Kyule aligundua kwamba hasikii tena mawe ya njiani. Alivua kiatu akatazama soli. Ilikuwa mpya kama ya dukani, na alikuwa ameivaa miezi mitatu. Akajiambia kwamba ni viatu vizuri.

Wiki aliyoacha miembe, Mutindi alikuwa ameanika ndengu uani kwenye turubai. Kyule alitoka mazoezini, akakata katikati ya turubai kwenda kunywa maji. Mutindi alifungua mdomo amkaripie, kisha akaufunga. Hakuna ndengu hata moja iliyosogea.

"Baba Kavindu," alisema polepole, "rudi hapo ulipopita."

Alirudi. Mutindi akapiga magoti na kusukuma kiganja chini ya kiatu cha mumewe. Kiganja kikatokea upande wa pili.

"Kesho nenda kwa jirani Nthiwa ukampandikizie miembe yake," alisema. "Nenda hata bure."

"Mchujo ni Jumamosi, mama. Nikishapata jezi nitaenda."

Jumamosi aliongoza tangu mwanzo. Kufikia kilomita ya kumi, wenzake hawakuuona hata mgongo wake. Hapo jaji wa kwanza akaandika kadi. Kilomita ya kumi na tatu, ya pili. Jonah alikuwa akikimbia kando ya barabara, sauti imemkauka.

"Kisigino! Shusha kisigino, Kyule!"

Kyule alishusha. Alikaza paja, akasukuma kisigino chini kwa nguvu zote, kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Akasukuma tena. Lami ilikuwa pale, aliiona, na joto lake lilimpanda usoni. Lakini kisigino hakikuifikia. Alifikiria jezi. Halafu akaacha kuifikiria.

Mbele yake jaji mkuu, mama mmoja mnene mwenye kofia nyeupe, aliingia barabarani na kadi ya tatu, akainua kibao chekundu.

"Umetoka, kijana. Simama hapo."

Kyule alitaka kusimama kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini angesimama juu ya nini? Alimpita yule mama, akalipita pipa la kugeuzia njia bila kugeuka, akashika barabara ya Zombe. Jonah alidandia pikipiki akamfuata mpaka petroli ikaisha.