Mamba wa Mwalimu Abubakar

Muuza samaki wa Gazi alipomwambia Mwalimu Abubakar kwamba mafuta ya nyonyo hurudisha nywele, Mwalimu alishukuru kwa adabu, akafunga mwavuli wake, akaenda nyumbani kumhukumu bintiye.

Yusra alikuwa likizoni. Kusema haki, alikuwa mshukiwa mzuri. Kule Kwale, katika shule yake ya bweni, aliwahi kutangaza kwamba mkaguzi wa wizara anakuja kuonja maharagwe, na mpishi akayaunga kwa nazi kwa mara ya kwanza katika historia ya shule.

"Habari za upara nilizisoma kwenye simu yangu, chumbani mwangu," baba alisema. "Hata mama yako hajui. Wewe peke yako ndiye uliyeniandikia neno lile simuni, kwa kuwa herufi zake ni ndogo kwa macho yangu. Leo soko zima linanipa ushauri."

"Sikumwambia mtu, baba."

"Wewe? Unyamaze?"

Hukumu ikatolewa. Yusra hatarudi bwenini. Atahamia shule ya kutwa, alale nyumbani, ambapo mdomo wake utasikika kwa karibu. Na Yusra alilipenda bweni lake kama sultani apendavyo kasri.

Ndipo akakumbuka. Juzi mama alisoma habari za vyerehani kwenye simu yake, na kesho yake Mbarak, mwenye kampuni ya Mkoko Neti inayosambaza intaneti nyumba kwa nyumba, akamwuliza kama ameanza kushona. Nani alimwambia?

"Baba, naomba jaribio moja. Chagua jambo lolote, ulisome kwa simu yako. Yangu ifungie kabatini, nami nitakaa ubavuni mwako. Likitoka nje, utajua halikupitia mdomo wangu."

"Na lisipotoka?"

"Nitahama shule bila kulia."

Mwalimu alifundisha sayansi, na neno jaribio lilimkuna mahali pazuri. Akafunga kabati. Akafikiri, kidole kidevuni.

"Mamba," akasema. "Wa kufuga. Hapa Gazi hakuna aliyewahi kuwa na wazo hilo, na mimi mwenyewe silitaki."

Wakasoma tovuti baada ya tovuti za ufugaji wa mamba. Mwalimu alianza kwa ajili ya ushahidi, akaendelea kwa utamu. Adhana ya alasiri ilimkuta katikati ya habari za mayai.

Tangu hapo Yusra hakubanduka. Baba akienda dukani, naye yuko. Hata nazi aliikunia miguuni pa kiti cha baba.

"Mmekuwaje nyinyi?" mama aliuliza. "Kama askari na mahabusu."

Baba alimkonyeza Yusra. Jaribio ni jaribio.

Asubuhi yake simu ya baba ikalia. Ujumbe ulitoka Mkoko Neti: ikiwa Mwalimu ana mradi wa mifugo, wao wanamjua fundi wa uzio imara.

"Mifugo gani?" baba alinong'ona. "Sina hata kuku."

"Taratibu, baba. Tungoje," Yusra alisema.

Hawakungoja sana. Kabla ya adhuhuri akaja jirani yao Mbeyu na kina mama wa kikundi cha kupanda mikoko. Wakapiga hodi, wakaamkia, wakaulizia afya ya kila mtu wa nyumba ile, hata ya jamaa zao wa Msambweni. Yusra alikuwa akifa kwa ndani.

"Mwalimu," Mbeyu alianza, "sisi hatuingilii riziki ya mtu. Lakini hao mamba wako utawaweka upande gani? Maana tunaingia matopeni kila siku, na miguu ndiyo hii tu."

Jikoni mwiko ukaanguka. "Abubakar," mama aliita, "mamba?"

Baba hakugeuka. Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya mtoto siku ya Idi. "Mbeyu, nani kakwambia?"

"Sanga wa buchani. Mbarak alimwuliza bei ya matumbo kwa jumla, ya kulisha mamba wako."

Baba akamshika Yusra mkono, na msafara mzima ukaelekea dukani kwa Mbarak, mama nyuma yao na mwiko wake.

"Mwalimu, mimi sikutangaza," Mbarak alisema mbele ya kompyuta yake. "Naona tu tovuti mnazofungua, kisha namtafutia mteja faida. Ni ujirani."

"Na upara wangu?" Mwalimu aliuliza, mbele ya watu wote.

"Nilimwuliza tu muuza samaki kama mkewe bado anakamua nyonyo, kwa ajili ya kichwa chako."

Mbeyu akasogea. "Kwa hiyo na mimi unaona ninayofungua?"

Mbarak akatazama viatu vyake. Kila mtu akakumbuka alichofungua wiki ile, na nyuso zikabadilika moja baada ya moja.

"Geuza hiyo kompyuta huku," Mbeyu alisema kwa upole wa kutisha. "Futa. Yetu sote. Tunaangalia."

"Na sheria ya kulinda data ipo," Mwalimu akaongeza. "Ukirudia, tutaonana mahakamani." Kisha akamgeukia bintiye, akakohoa. "Yusra, nilikukosea. Kapange sanduku lako. Jumatatu unarudi Kwale."

Yusra aliinamisha kichwa, akatoka dukani kwa hatua za heshima zimfaazo mtu aliyeachiwa huru. Alipopita kona akavua ndara, akazishika mkononi, akakimbia.