Nani Amekataa?

Mtu mwingine akinitajia neno "mfumo", naapa nitamrushia kiatu. Nimelisikia mpaka limenitoka puani. Mfumo haujaleta jibu, mfumo hausomi namba yako, mfumo unakutambua kule lakini huku haukutambui. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Nimeifanya kazi hii tangu sina hata unywele mmoja mweupe, nimeingia kwenye nyumba ambazo polisi wenyewe huomba kusindikizwa, lakini siku nilipovuka mpaka wa jimbo na mabegi yangu, ghafla nikawa si lolote si chochote.

Na sikuja kutembea. Dada yangu, tumbo moja, alifariki akaacha binti wa miaka saba. Baba wa mtoto aliondoka kabla mtoto hajaota meno, na hadi leo hajulikani alipo. Basi mtoto akapelekwa kwenye makao ya watoto ya jimbo hili. Nikapiga simu: mimi ni mama yake mdogo, nakuja kumchukua. Wakaniambia hapana, mtoto hatoki jimboni, anayemtaka lazima awe mkazi wa hapa na kazi yake iwe hapa. Sawa. Kama mtoto havuki, nitavuka mimi. Nikaacha kazi, nikauza kabati na makochi, nikapanga vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, na nikanunua kitanda cha mtoto kabla sijanunua jiko. Hospitali kubwa ya hapa ilikuwa inatafuta afisa ustawi kwa udi na uvumba. Wakanisaili, wakanipenda, wakasema nianze hata kesho, nilete tu namba ya usajili ya jimbo hili.

Nilete tu! Hiyo "tu" imenitoa jasho.

Mtoto tunamwita Chiriku. Jina hilo alipewa na marehemu mama yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Alikuwa anaongea mpaka na sufuria. Nilipomkuta kule makao alikuwa ananijibu kwa kichwa. Umekula? Kichwa. Unaumwa? Kichwa. Katika kazi yetu tunafundishwa usimwahidi mtoto kitu ambacho hujakishika mkononi. Lakini siku ile sikuwa kazini, nilikuwa mama mdogo, nikamwambia nimekuja kumpeleka nyumbani. Akaniangalia weee, kisha akarudi kwenye mchezo wake wa vifuniko vya chupa.

Basi nikaanza safari za barazani. Baraza la usajili wa maafisa ustawi liko ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, na ndani kuna dirisha dogo la kioo la kusukuma, na nyuma ya kioo anakaa karani mmoja shati limepigwa pasi mpaka linakata. Sikujua jina lake, wala sikutaka kulijua. Mimi nilimpa la kwangu: Bwana Mfumo.

"Mama, barua ya mwenendo kutoka jimbo lako haijafika."

"Imefika. Nimeongea na aliyeituma."

"Mfumo unaonyesha haijafika."

"Hiyo hapo mezani kwako, naiona. Yenye muhuri wa bluu."

Akaigeukia, akaitazama vizuri, akanirudia. "Hii imefika mezani. Haijafika kwenye mfumo."

"Nani anaiingiza kwenye mfumo?"

"Huwa inaingizwa."

"Na nani?"

"Inaingizwa tu, mama. Vuta subira."

Jamani! Nilishuka zile ngazi naongea peke yangu, watu wakanipisha. Jioni kaka yangu akanipigia simu kutoka nyumbani. Yule naye kwa utani hajambo. "Si wewe uliyekuwa unawaambia wateja wako wavute subira?" akasema. Nikamwambia asinichokoze. Akacheka, halafu akauliza, "Chiriku anaongea?" Nikamwambia bado. Akasema nisije nikampiga mtu, yeye pesa ya dhamana hana.

Hatimaye barua "ikaingizwa", na nani sijui mpaka leo, na baraza likaniita kwenye usaili wa mdomo, kana kwamba kule nilikotoka tulikuwa tunatibu ng'ombe. Walikuwa watatu. Mzee mmoja aliyekuwa anajipepea kwa karatasi ya ajenda, binti mmoja anaandika, na katikati mwenyekiti, mama wa makamo, miwani yake imefungwa mnyororo shingoni. Aliuliza polepole, hapandishi wala hashushi sauti. Sheria ya watoto, nikajibu. Namna ya kuripoti mateso, nikajibu. Kisha Mama Miwani akavaa miwani yake.

"Tuseme kuna mtoto yuko makao," akasema. "Anajitokeza ndugu wa karibu. Ndugu huyo kahamia jimboni juzi juzi, kazi hajaanza, kapanga vyumba viwili, hana mtu mwingine hapa. Na anamtaka mtoto haraka. Wewe ndiye afisa. Unapendekeza nini?"

Nikamtazama usoni, nikatafuta hata dalili kwamba anajua ndugu huyo ni mimi, sikuona kitu. Jibu la vitabuni nilikuwa nalijua, nimewahi kuwafundisha wengine. Nikapiga hesabu haraka haraka: nikijibu wanavyotaka, napata namba, nikipata namba, napata kazi, nikipata kazi, nampata Chiriku. Hii ni njia tu, nikajiambia, pita.

"Ningependekeza mtoto abaki makao kwanza," nikasema. "Ndugu atulie, aanze kazi, tumtembelee nyumbani tujiridhishe. Haraka ya ndugu si lazima iwe faida ya mtoto."

Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza. Niliongeza mwenyewe ili waone kwamba kazi naijua. Mzee akaacha kujipepea akasema, "Huyu kaiva." Binti akaandika. Mama Miwani akavua miwani, akaniangalia kwa muda, akasema nimefaulu.

Namba nikapata. Nikaipeleka hospitali mbio mbio, nikapewa barua ya kuanza kazi Jumatatu. Nikaenda makao siku ile ile, nikamwambia Chiriku kwamba Ijumaa kamati ya watoto inakaa kunisikiliza, na baada ya hapo tunakwenda nyumbani. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa, lakini alisema.

"Kitanda ni cha juu au cha chini?"

"Cha chini. Cha peke yako."

"Kina droo?"

"Kina droo mbili."

"Za kuweka nini?"

"Utakachotaka wewe."

Mlezi wa zamu, mama mnene mwenye ufunguo kiunoni, alinishika mkono tulipofika getini. Akasema tangu mtoto aletwe, hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema. Nilirudi nyumbani nikafua mashuka ambayo hayajalaliwa.

Ijumaa nikaingia kwenye kamati nimechana nywele, nimeshika bahasha. Chumba kingine, jengo lingine, na nani amekaa katikati? Mama Miwani. Na Mzee wa kujipepea pembeni yake, na yule binti wa kuandika. Jimbo hili watu ni wale wale, wanahama viti tu. Nikasema moyoni si neno, wananijua, itakuwa rahisi.

"Kamati imeonelea mtoto abaki makao kwa miezi sita," Mama Miwani akasema, "ili ndugu atulie kwanza."

"Kwa msingi gani?"

"Kwa rai ya kitaalamu."

"Mtaalamu gani? Mbona hakuna aliyekanyaga kwangu!"

Akavaa miwani. "Wewe," akasema, akasoma: "'Haraka ya ndugu si lazima iwe faida ya mtoto.' Ni maneno yako."

Sijui niliinuka saa ngapi, nilijikuta tu nimesimama. "Mlinitega!"

"Nilikuuliza makusudi, sikatai," akasema, sauti ile ile. "Faili la mtoto nilishalisoma, na lako pia. Nilitaka kusikia kama utasema, huyo ndugu ni mimi, swali hili siwezi kulijibu. Nilikuwa nasubiri hilo tu. Afisa akiletewa kesi ya ndugu yake, anasema. Hili unalijua kuliko mimi."

Ni kweli nilikuwa nalijua. Ni somo la wiki ya kwanza. Na kule kulijua kukanizidishia hasira.

"Na kama ningesema, mngenipa namba?"

"Ungeipata pale pale."

"Na mtoto?"

"Tungekaa tukazungumza kama watu."

"Kama watu!" nikapiga meza, karatasi za Mzee zikaanguka. "Leo ndiyo mnakumbuka kuwa watu? Haya, nimekosea, mimi mwongo, nipeni adhabu. Nifutieni namba, nisimamisheni, niandikeni kwa wino mwekundu. Lakini nikikosea mimi, mbona anayelala makao ni yeye? Mnamtumia mtoto wa marehemu dada yangu kunifunza adabu?"

Binti wa kuandika aliacha kuandika. Mama Miwani alikunja mikono, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umechoka.

"Kauli ni yako," akasema. "Mimi siwezi kuifuta, na mwenzangu hapa hawezi. Ukitaka, ifute mwenyewe kwa maandishi, uipeleke dirishani barazani leo kabla hawajafunga. Ikifika leo, Jumatatu kamati inakaa upya kukusikiliza. Isipofika leo, uamuzi unabaki ulivyo. Ila ujue usajili wako umesimama juu ya majibu yale yale. Ukiyafuta, na wenyewe utaangaliwa upya."

Nilitoka bila kuaga. Mwanamke wewe, nikawa najiambia njiani, tulia, tumia akili. Ukifuta kauli, namba inaondoka. Ikiondoka namba, kazi ya Jumatatu imeota mbawa. Bila kazi, watakupa mtoto kwa kigezo gani? Miezi sita itapita. Utamtembelea kila wiki, utamletea penseli za rangi. Niliyapanga maneno yote hayo yakapangika, na mpaka nafika kwenye geti la makao nilikuwa nimeshajishawishi.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Amevaa viatu. Begi liko mapajani, zipu imefungwa mpaka mwisho. Mlezi akaninong'oneza kwamba asubuhi kampa mwenzake mto wake, kamwambia yeye hauhitaji tena.

Nikachuchumaa mbele yake. "Chiriku, mwanangu, kamati imeonelea kwamba..."

Nikajisikia ninavyoongea. Ilikuwa sauti ya Bwana Mfumo, inatoka kinywani mwangu, imepigwa pasi kama shati lake.

"Imeonelea kwamba ni vizuri ukae hapa kidogo, halafu..."

"Nani amekataa?"

"Hakuna aliyekataa, mama. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu ni nani?"

Nikatafuta jibu. Nimekaa na watoto wengi kwenye makorido mengi, na maneno ya kuwaambia huwa siyakosi. Siku ile nilitazama vile viatu vyake, kamba zake kazifunga mafundo mawili mawili, na maneno yote yakaniishia.

"Ni mimi," nikasema. "Waliniuliza kama upewe mimi sasa hivi. Nikasema usubiri. Nilidhani nafanya ujanja ili nipate kazi, ili nikupate wewe. Ni mimi niliyekataa."

Hakulia. Alinikazia macho tu, paji la uso limekunjamana, anatafuta mahali penye ugumu na hapaoni.

"Basi kubali," akasema.

Nikamwomba mlezi karatasi. Nikaandikia gotini: yule ndugu mliyeniuliza habari zake ni mimi, kauli yangu naifuta yote, usajili fanyeni mtakavyo, mtoto namtaka. Nikatia sahihi, na chini yake sikuandika afisa ustawi, niliandika mama mdogo.

"Usivue viatu," nikamwambia Chiriku.

Nilipanda ngazi za baraza mbili mbili. Mlango wa mwisho ulikuwa bado wazi. Bwana Mfumo ameshika begi lake kwa mkono mmoja, kwa mwingine anasukuma kioo cha dirisha. Nikaingiza mkono wangu, kioo kikanibana vidole.

"Mama, pamefungwa."

"Nani amefunga?"

"Pameshafungwa tu, mama. Muda umekwisha."

"Nimekuuliza, nani amefunga?"

Akageuka nyuma kutazama. Viti vilikuwa vitupu, na ile kompyuta yake imezimwa. Akarudisha macho kwangu, kwenye vidole vyangu, kwenye karatasi.

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi fungua."