Zege la Mama Mwiko

Sebule ya msusi haikujua kimya ni kitu gani. Viti vilikuwa sita, kioo kimoja, na midomo haikupungua kumi, kwa sababu anayesukwa haji peke yake. Huja na dada, na shoga, na jirani aliyesema anapita tu kusalimia akaganda mpaka jioni. Msusi mwenyewe alikuwa na mikono miwili na masikio yaliyofanya kazi ya manne. Habari ya mtaa haikuhesabiwa kuwa habari mpaka ipite chini ya kitana chake.

Ila mwezi ule kulikuwa na habari moja iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki, nayo ilimhusu mama yake mzazi.

Mama yule alikuwa fundi wa plasta kwa miaka thelathini na miwili, na mtaa mzima ulimwita Mama Mwiko, kwa ule mwiko wa chuma ambao hata alipostaafu aliuweka chini ya mto. Mwaka uliopita kiharusi kilimpitia mguu wa kushoto. Mtaalamu wa viungo wa zahanati hakupindisha maneno: "Mama, mguu huu ni kama mtoto mtoro. Usipoupeleka shule kila siku, utasahau yote." Wanawe wakamtafutia baiskeli ya magurudumu matatu, na kila asubuhi akawa anakanyaga pedeli mpaka zahanati na kurudi, kilomita tatu kamili, akipiga kengele hata pale asipokuwepo mtu wa kupisha. Njia ya baiskeli ilipita mbele ya mlango wao, pana, imepakwa rangi ya kijani, na picha ya baiskeli nyeupe katikati. Mguu ukaanza kukumbuka.

Kisha likaja jengo. Ghorofa sita, pale kwenye kona, hatua hamsini kutoka mlangoni kwao. Jengo likaja na mafundi, mafundi wakaja na magari: pikapu mbili, lori la kokoto na jenereta la kukokotwa. Saa moja asubuhi yote yalikuwa yamejipanga juu ya rangi ya kijani kama ng'ombe waliofika mtoni. Upande huu ukingo wa barabara ulikuwa mrefu hadi katikati ya muundi. Upande ule mabasi na malori yalipita kama yanayodaiwa. Baiskeli ya magurudumu matatu haipandi ukingo, na mwenye akili timamu haishushi kwenye malori.

Mama Mwiko akakaa ndani wiki mbili. Ya tatu, msusi alimwona akivuka kizingiti kwa kuuinua mguu kwa mkono, ameshika gauni gotini, kama mtu anayehamisha mzigo wa jirani. Siku hiyo msusi aliacha kichwa cha watu nusu, akatoka na kitana mkononi.

"Kaka, toa gari. Mama yangu anapita."

"Dakika tano tu, dada," dereva wa pikapu akasema, mguu juu ya dashibodi.

"Dakika tano zako zimeota ndevu. Wiki ya tatu hii."

Akaenda kwa nyapara, bwana mmoja mpole, kofia ya njano, kalamu sikioni. Nyapara alisikiliza, akakuna shingo. "Dada yangu, nakuelewa kabisa. Lakini niyaweke wapi? Kichwani?" Ofisi ya jiji nayo ikamwambia malalamiko yake yamepokelewa. Yalipokelewa vizuri sana, yakakaribishwa kiti, na hayakuinuka tena.

Jumamosi jioni Mama Mwiko alikuwa dirishani, kidevu kwenye kiganja, akiangalia kazi ya wenzake. Getini pa jengo mafundi walikuwa wamemwaga sakafu mpya ya zege, wakaifunika magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka ikapasuka. Pikapu ilikuwa inatoka. Dereva alirudi nyuma, akakata kushoto, akakata kulia, akazunguka yale magunia hadi nusura agonge nguzo.

"Umemwona?" Mama Mwiko akasema.

"Nimemwona nani?"

"Dereva yule yule. Njia ya watu anaikanyaga mchana kweupe, ila zege bichi analizunguka kama kaburi la babu yake." Akacheka, cheko la kwanza tangu mwezi uanze. "Mwanangu, yule muuza nafaka wa hapo jirani ana magunia matupu?"

Jumapili jengo lilifungwa. Saa nane mchana msusi alikuwa amepiga magoti kwenye njia ya baiskeli, na mama yake ameketi juu ya baiskeli yake kama nyapara mkuu, anaelekeza kwa mwiko. Magunia kumi na manne, yamefunika nusu ya upana, kuanzia walipoegesha gari la kwanza hadi la mwisho; nusu ya pili ikabaki wazi, magurudumu matatu yapite.

"Loweka. Loweka tena! Zege halinawi uso, linaoga."

"Mama, si wataona ni uongo?"

"Lete ubao. Weka pembeni. Sasa paka saruji hapa ukingoni, ivuje kidogo chini ya ubao." Akashindwa kuvumilia, akainama na kupaka mwenyewe, mkono umenyooka kama wa binti. "Fundi haangalii gunia, anaangalia ukingo. Ukingo ukiwa mzuri, hata akili yake anaiacha nyumbani."

Kamba ya kuzungushia ikawapungukia. Msusi akaingia ndani, akatoka na rasta za zambarau zilizobaki kwa bibi harusi wa juzi, akazisuka mafungu matatu, zikawa kamba nzuri kuliko ya dukani.

Jumatatu saa moja, mama na binti walikuwa nyuma ya pazia, wamebanana kama watoto waliovunja chungu. Pikapu ya kwanza ikaja kwa mbwembwe zake, ikafunga breki. Dereva akashuka, akatazama, akashika kiuno. Ya pili ikaja. Wakashauriana. Lori likaja. Wote wakaondoka kutafuta pa kuegesha huko mbele ya safari.

Saa mbili Mama Mwiko alipita, kidole kwenye kengele, mgongo umenyooka. Kibarua mmoja akamkemea: "Bibi, taratibu hapo, zege bichi!"

"Nimeona, mwanangu. Mungu awabariki kwa kazi nzuri."

Lakini jambo lililowavunja mbavu lilikuja saa kumi. Nyapara alisimama kando ya magunia, akayagusa, akakunja uso. Yalikuwa yameanza kukauka. Aliyemwaga zege lile hakumjua. Alidhani ni watu wa jiji, na watu wa jiji walivyo, watalitelekeza lipasuke. Na fundi wa kweli hawezi kuona zege linakufa kwa kiu akapita, hata liwe la mtu baki.

"Ninyi wawili!" akaita vibarua. "Leteni mpira wa maji. Asubuhi na jioni, siku saba. Sitaki kuona nyufa."

Msusi alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Mama yake alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Siku saba vibarua walinywesha lami, asubuhi na jioni, na siku saba Mama Mwiko alipita kando yao akiwasifu kwa bidii yao.

Siku ya nane nyapara akafunua magunia ili alikague zege. Akakuta rangi ya kijani, na baiskeli nyeupe iliyooshwa mara kumi na nne, inang'aa kama sahani ya mgeni. Akainua kamba, akaitazama. Rasta ya zambarau, msuko wa mafungu matatu. Mtaani pale mkono wa kusuka hivyo ulikuwa mmoja tu.

Alipobisha, sebule ilikuwa imejaa. Kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, ikanyamaza.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu," Mama Mwiko akajibu. "Pisheni mgeni, akae."

"Shikamoo mama. Nimekuja kurudisha kamba." Akaiweka mezani. "Nani aliyepaka ule ukingo?"

"Mimi."

Nyapara akavua kofia. "Ule ukingo, mama, ndio ulioniua."

Mwalimu mmoja, aliyekuwa na kichwa nusu misuko nusu msitu, akapasuka kwa kicheko, na wote wakamfuata, nyapara naye. Walipotulia, akasema kwa sauti ya chini, "Ninaomba jambo moja. Mhandisi wangu asijue. Akisikia nimenywesha lami wiki nzima, sitapata tena usingizi hata kwangu."

"Nawe ukitaka hivyo, magari yasirudi pale," msusi akasema.

"Dada, nafasi sina! Ua wa nyuma umejaa mchanga na matofali."

"Nipelekeni nikaone," Mama Mwiko akasema. Akasimama, akavuka kizingiti. Msusi alikuwa akimtazama mkono. Mkono haukugusa gauni. Mguu ulijinyanyua wenyewe, ukashuka nje, ukasubiri mwenzake.

Huko uani Mama Mwiko hakukaa robo saa. "Mchanga huu umemwagwa katikati kama mtu anayelala peke yake kitanda cha watu wanne. Sogezeni karibu na mashine ya kuchanganyia. Matofali yapangwe yapande juu, ukutani." Kesho yake adhuhuri, ua ulimeza pikapu mbili, lori na jenereta, na nafasi ya kugeuzia ikabaki.

Lililobaki ni siri. Sebule nzima iliapishwa, kuanzia mwalimu hadi jirani aliyepita tu. Kwa msusi ilikuwa adhabu. Kila mteja mpya aliuliza, "Hivi yale magari mliyaondoaje?" naye akabana midomo na kusema, "Inamisha kichwa." Alivumilia siku tisa. Usiku aliota anasimulia.

Siku ya kumi dereva mgeni wa kokoto akaja, akapandisha gurudumu moja kwenye rangi ya kijani. Kabla hajazima injini, vibarua wakalipuka kutoka ghorofa ya pili, wote kwa pamoja: "Toka hapo, zege bichi!" Wakaanza kumsimulia kwa kupokezana, kwa sauti ya kusikika hadi zahanati, na mhandisi aliyekuwa katikati yao akicheka hadi kofia ikamdondoka. Kumbe alikuwa anajua tangu siku ya kwanza ya mpira wa maji.

"Umeona mambo hayo!" msusi akamwambia mteja mpya aliyekuwa kitini, kitana hewani. "Siri nimetunza mimi, utamu wanakula wao. Haya, kaa vizuri, nikwambie kuanzia mwanzo, maana wale wameruka habari ya ukingo."

Nje kengele ikalia. Dereva mgeni akarudisha lori nyuma, na Mama Mwiko akapita juu ya baiskeli nyeupe, mguu wa kushoto ukisukuma pedeli kwa zamu yake.